Hewa Tunayopumua Pamoja: Jinsi Ilivyoanza Kupimwa

Leo tuzungumze juu ya dirisha.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Nilipomaliza diploma ya uuguzi na kuanza kazi, nilipangiwa kliniki ya watoto. Ilikuwa Julai, baridi kali, na akina mama wakanisihi, "Sista, tafadhali funga hilo dirisha, mtoto atashikwa na nimonia." Nikafunga. Chumba kilijaa watoto wa kupimwa uzito, mama zao, na nyanya mmoja aliyekuwa akikohoa kwenye kona. Baada ya saa moja vioo vilikuwa vinatiririka maji. Nilidhani nawakinga watoto. Yale maji kwenye vioo yalikuwa yametoka katika pumzi zetu.

Sikujiuliza hili: katika kila pumzi aliyovuta mtoto mle ndani, kiasi gani kilikuwa kimeshatoka kwenye mapafu ya mtu mwingine? Swali hilo lina jibu, na watu wamelitafuta kwa zaidi ya miaka 160.

Mwaka 1858, katika mji wa Munich nchini Ujerumani, daktari na mkemia aitwaye Max von Pettenkofer alichapisha matokeo ya kupima hewa ya majumbani. Kila tunapotoa pumzi tunatoa hewa ya kaboni dioksidi, ile ile iliyo katika povu la soda. Pengine mtoto wako amewahi kukuonyesha jaribio la shuleni, la kupuliza kwa mrija ndani ya maji ya chokaa hadi yageuke meupe. Pettenkofer alifanya jambo la namna hiyo kwa uangalifu mkubwa, akitumia maji yenye madini ya bariamu, kisha akakadiria kiasi cha gesi iliyoingia. Akaweka kipimo: hewa ya chumba ikizidi sehemu 1 ya kaboni dioksidi katika kila sehemu 1,000, chumba hicho hakifai watu kukaa kwa muda mrefu.

Tafadhali shika jambo hili. Hakusema kwamba gesi hiyo, kwa kiasi hicho kidogo, ndiyo inayodhuru. Ni dalili tu, kama joto la mwili wa mtoto. Homa si ugonjwa wenyewe, lakini kipimajoto kikipanda unajua kuna jambo. Gesi hiyo ikipanda chumbani, ujue pumzi za watu zimerundikana na hewa safi haiingii.

Ajabu ni kwamba mzee huyo hakukubali kwamba kijidudu peke yake kinaweza kuleta ugonjwa. Robert Koch alikuwa ametangaza kijidudu cha kifua kikuu mjini Berlin mwaka 1882, kisha akaonyesha na cha kipindupindu. Mwaka 1892 Pettenkofer, akiwa na umri wa miaka 73, alikunywa maji yenye vijidudu vya kipindupindu ili kumpinga. Aliharisha kidogo akapona. Msijaribu! Kuhusu vijidudu alikosea, lakini kipimo chake cha hewa kingali kinatumika.

Sisi wauguzi tuna mtu wetu katika historia hii. Florence Nightingale, katika kitabu chake Notes on Nursing kilichotoka karibu mwaka 1860, alitanguliza hewa safi mbele ya kazi zote za muuguzi, bila kumwacha mgonjwa apigwe na baridi. Alitamani pia kipatikane kipimo rahisi cha hewa cha kuwekwa katika kila chumba cha kulala na cha mgonjwa. Wakati wake hakikuwepo.

Kwa miaka mingi baadaye madaktari wengi waliamini kwamba magonjwa ya kifua huenezwa hasa na matone makubwa ya mate yanayoanguka karibu na anayekohoa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mjini Baltimore nchini Marekani, William Wells na Richard Riley waliichukua hewa ya wadi ya wagonjwa wa kifua kikuu na kuipitisha kwenye mabomba hadi chumba cha juu walimofuga simbilisi, wale wanyama wadogo kama sungura. Simbilisi hawakuwahi kuguswa na mgonjwa yeyote. Hata hivyo waliambukizwa. Kumbe kijidudu cha kifua kikuu huelea hewani na kusafiri.

Hapo hesabu ya Pettenkofer ikapata maana mpya, na mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Rudnick na Milton, wakaiandika kama kanuni. Hewa ya nje siku hizi ina sehemu zipatazo 420 za kaboni dioksidi katika kila milioni. Pumzi tunayotoa ina kama 40,000. Ukikuta 2,000 chumbani, maana yake katika kila pumzi 25 unazovuta, moja nzima imeshatoka kwa watu wengine mliomo.

Mwaka 2007 ilitoka taarifa ya hospitali za Lima, nchini Peru. Watafiti waliachilia kaboni dioksidi vyumbani na kuangalia inatoweka kwa kasi gani. Vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadilisha hewa kama mara 28 kwa saa, na vile vya kisasa vyenye mashine vilibadilisha mara 12. Vilivyofanya vizuri zaidi ni vya majengo ya kale, yenye dari ndefu na madirisha makubwa. Mimi huwakumbuka hao wa Lima kila nionapo jengo jipya lenye vidirisha vidogo.

Nchini Taiwan kifua kikuu kilizuka katika chuo kikuu kimoja. Kipimo darasani kilifika 3,200. Walipoboresha upitaji wa hewa kikashuka hadi kama 600, na maambukizi mapya yakakoma. Ni kweli wagonjwa walitibiwa pia, lakini watafiti walipopiga hesabu waliona hewa ilikuwa na mchango wake mkubwa.

Korona ilipoingia mwaka 2020 tulihimizwa zaidi kunawa mikono na kupangusa meza. Machi mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa huo hauenei kwa hewa, na mwaka 2021 likabadilisha maelezo yake. Agosti 2021 serikali ya Uingereza iliahidi shule zake vipimo 300,000 vya kaboni dioksidi. Kile alichotamani Nightingale sasa kinatosha kiganjani.

Wewe huenda huna kifaa hicho. Tumia pua yako: toka nje dakika chache, kisha rudi ndani. Ukisikia uzito na harufu ya watu, fungua. Dirisha na mlango unaoelekeana nalo hufanya kazi kuliko dirisha moja. Najua kuna wezi, kuna mbu, na nyumba ya chumba kimoja haina dirisha la pili. Basi fungua mchana kutwa, sogeza pazia lisizibe, na usiku acha upenyo juu, mtoto akiwa ndani ya neti na amevaa sweta. Baridi peke yake haimpi mtoto kifua kikuu wala surua.

Na jiko la makaa lisilale ndani. Linatoa kaboni monoksidi, gesi nyingine kabisa, isiyo na harufu, inayoua watu usingizini. Kifaa cha kaboni dioksidi hakiioni.

Kama nyumbani kuna mtu aliyegunduliwa kuwa na kifua kikuu, mlete kliniki kila mtoto anayelala chumba kimoja naye, hata asiyekohoa, achunguzwe. Akionekana hana ugonjwa, muulize muuguzi kuhusu dawa ya kumkinga.