Tumbaku ya Mgeni wa Mtoto wa Burito

Machi 1977 Fidel Castro alikuja Tanzania kumtembelea Mwalimu Nyerere. Mimi nilikuwa nasoma Bunda, na siku za mapumziko nilikwenda Butiama kwa babu. Pale kijijini wazee walizungumzia biri ya mgeni yule kuliko ndevu zake. Babu, ambaye tumbaku yake aliilima, akaikausha na kuisokota mwenyewe, aliuliza: "Huyo mgeni wa mtoto wa Burito, biri yake anasokotewa na nani?" Hakuna aliyejua.

Jibu nililipata ukubwani, Mwigobero, Musoma, kwa daktari mmoja Mkuba aliyekuwa akifanya kazi huku kwetu. Aliniwekea biri mbili mezani: moja ya mkono, nyingine ya mashine, zote za bei nafuu. Nikazipasua kwa wembe. Nilitegemea ile ya mkono iwe na majani marefu. Kumbe zote mbili zilijaa vipandevipande!

Daktari alicheka, akanieleza. Biri za fahari, zile za kupewa marais, ndizo zenye majani yanayofika mwisho hadi mwisho. Mabaki yanayokatwa kwenye hizo hayatupwi; huwa ujazo wa biri za watu wa kawaida, nazo husokotwa kwa mkono vilevile. Msokotaji huviringisha vipande ndani ya jani la kuvifunga, akisaidiwa na kitambaa kilichofungwa mezani, kisha huvika jani zuri la nje. Mashine nayo hutumia vipande, ila ni vidogo zaidi, na mara nyingi jani la kufunga si jani halisi, bali ni unga wa tumbaku uliogandishwa kama karatasi.

Basi tofauti kubwa imo vidoleni. Msokotaji hubonyeza, akahisi penye uwazi na palipobanana, akarekebisha. Mashine hupima kiasi kilekile kila mara, ijapokuwa majani hayafanani. Lakini tusiusifu mkono kupita kiasi: biri iliyokazwa vibaya haivutiki, na makombo huingia mdomoni.

Wakuba waliligombania jambo hili. Tangu mwaka 1865 wasokotaji wa Havana walikuwa na msomaji wao, akiwasomea magazeti na riwaya huku mikono ikifanya kazi. Miaka ya 1920 kiwanda cha Por Larrañaga kilipoleta mashine, wafanyakazi waliipinga vikali. Waliogopa kupoteza ajira, na nadhani walijua pia kwamba penye muungurumo msomaji hasikiki.

Kwetu hakuna aliyegoma. Kiwanda cha sigara cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, kikataifishwa mwaka 1975, na pakiti zake zikafika hadi maduka ya vijijini. Aliyesokota tumbaku akaonekana mshamba, basi. Kwa mshahara wangu wa kwanza nilimnunulia babu pakiti nzima ya Nyota. Alishukuru sana. Kisha akazipasua moja baada ya nyingine, akamwaga tumbaku kwenye kiganja, akaichambua, akaisokota upya kwa kipande cha gazeti. Nilikasirika. Niliona amenidharau mbele ya majirani, na siku hiyo niliondoka bila kumuaga vizuri.

Fidel aliacha biri mwaka 1985. Babu hakuacha, mwaka uliofuata kifua kilimuua, na moshi wa kusokota kwa mkono haukuwa na huruma kuliko ule wa kiwandani.

Daktari aliniuliza nitavuta ipi. Nilimwambia sivuti. Lakini nilijaribu kuisokota upya ile ya mashine kwa ukurasa wa gazeti, kama nilivyomwona babu akifanya. Ilifunguka mara tatu. Daktari aliichukua, akaibana kwa kidole gumba, akanionyesha pale nilipoacha uwazi.