Ushabiki wa Mbale Heroes

Ushabiki wa Mbale Heroes ni uungaji mkono wa kudumu wa klabu ya kandanda ya Mbale, jiji la mashariki mwa Uganda lililo chini ya Mlima Elgon. Chimbuko lake ni fahari ya eneo la Bugisu mbele ya vigogo wa Kampala kama SC Villa na Express. Kilele chake kilikuwa klabu kutwaa Kombe la Uganda mwaka 1999. Kabla ya hapo, mwaka 1976, kombe hilo lilitwaliwa na Gangama United ya Mbale.

Shangwe za huko hutambulika kwa kadodi, ngoma za Bamasaba, watu wa Bugisu, zinazovaliwa kwa mkanda na kupigwa huku wapigaji wakitembea na umati ukicheza nyuma yao. Asili yake ni imbalu, jando la miaka ya shufwa, ingawa siku hizi husikika hata harusini na kwenye kampeni za siasa.

Mshindani mkubwa wa ushabiki huu, pengine kuliko klabu yoyote ya Uganda, ni Ligi Kuu ya Uingereza. Shabiki yuleyule huwa pia wa Arsenal au Manchester United, na mechi zao huzitazama kwa kiingilio kwenye vibanda vya video.