Kwa nini Songea wanaulizia kichwa kuliko maji?

Kwenye bongo movie, mhusika akikohoa mara mbili tu dakika za mwanzo, kila mtu sebuleni anajua huyo hamalizi filamu. Hakuna aliyefundishwa hilo. Kikohozi kimerudi kwenye hadithi nyingi mpaka kimekuwa lugha. Walimu wa fasihi wanaita motifu: kitu kinachojirudia ndani ya simulizi, na kila kikirudi kinakuja na maana. Wengi tunaliacha neno hilo kwenye chumba cha mtihani. Songea wanaishi nalo.

Angalia mji wenyewe. Uwanja wa mpira unaitwa Majimaji. Timu inaitwa Majimaji, na mashabiki wanaiita Wanalizombe, kwa jina la ngoma ya Wangoni. Makumbusho ni ya Majimaji. Neno limetamkwa mara nyingi kiasi kwamba dogo anayewahi tiketi ya mechi hawazi kabisa kuwa hicho kilikuwa kilio cha watu waliokuwa wanaikimbilia bunduki ya rashasha wakiwa na mikuki.

Kisa hakikuanzia Songea. Mwaka 1905, kijijini Ngarambe, upande wa mto Rufiji, Kinjikitile Ngwale alianza kugawa dawa ya maji. Watu walikuwa wamechoka: kodi, viboko, kulimishwa pamba wasiyoila. Dawa ilisema risasi ya Mjerumani ikikugusa inageuka maji. Julai vita vikawaka kwenye vilima vya Umatumbi. Tarehe 4 Agosti Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile, lakini walichelewa, dawa ilikuwa imeshasafiri. Ungoni iliingizwa na mjumbe aliyeitwa Omari Kinjala, na kati ya waliompokea na kuisambaza yumo kiongozi mwanamke, Mkomanile wa Kitanda.

Kwa nini maji, na si kitu kingine? Wangoni walikuwa watu wa ngao na mkuki, na majirani waliwaogopa kwa uvamizi wa miaka mingi. Mkuki wa Mngoni usingeweza kuwa alama ya Mngindo au Mmatumbi, ni mkuki uleule uliomfukuza babu yake. Maji hayana kabila. Kila mtu anayanywa, kila mtu anaoga. Ndiyo maana alama hiyo iliweza kuwaunganisha watu ambao mwaka mmoja nyuma wasingekaa meza moja.

Kama dawa, maji hayakudumu. Kabla ya 1905 kuisha Wangoni walishaona kwamba risasi ni risasi, wakaacha kwenda uso kwa uso na kuhamia vita vya kuvizia porini. Jina la vita ndilo lililobaki. Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe, maana tangu hapo kila msimuliaji ameyachota maji yaleyale na kuyamimina kwenye chombo chake.

Mkoloni aliyasimulia kama ushirikina: ona watu hawa, waliamini maji yanazuia risasi. Mwaka 1956 Nyerere alisimama Umoja wa Mataifa akaigeuza hadithi hiyo. Kwake waliopigana hawakusukumwa na uchawi wala kiapo, walisukumwa na kutotaka kutawaliwa. Maji yakawa umoja, na TANU ilikuwa inauhitaji sana umoja huo. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikatuma vijana vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee waliokuwa bado hai. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein akatoa tamthilia ya Kinjeketile, ile ambayo wengine waliisoma ili wafaulu tu. Humo maji yana sura ya tatu, pengine ngumu kuliko zote: mtu anazaa neno, neno linakua, linamzidi aliyelizaa, na hawezi tena kulirudisha mdomoni hata kama amelitilia shaka.

Sasa keti na wenyeji wa Songea wanaojua historia ya mji. Watakupitisha kwenye maji haraka haraka, kisha watafika kwenye kichwa, na hapo hawana haraka.

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni hapo mjini. Hesabu inayotajwa Songea ni watu 67, na Mkomanile yumo. Wengi wao wamelazwa kwenye kaburi moja la pamoja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, ana kaburi lake peke yake. Masimulizi ya wenyeji yanasema Wajerumani walitaka kumwacha hai, yeye akakataa kubaki wakati wenzake wameuawa, akanyongwa siku chache baadaye. Yanasema pia kwamba alizikwa bila kichwa. Kichwa kilipelekwa Ujerumani.

Kichwa kinachokwenda Ulaya ni motifu pia, na Watanzania walishaifahamu. Mkwawa wa Wahehe alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe, kichwa chake kikachukuliwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza fuvu hilo likaandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na mwaka 1954 likarudi Kalenga, Iringa, lilipo mpaka leo. Kwa hiyo msikilizaji wa kisa cha Songea anajua tayari hadithi ya namna hii inapaswa kuishia wapi. Kichwa kinaondoka, watu wanasubiri, kichwa kinarudi. Sehemu ya tatu haijafika, na hadithi iliyokatwa katikati inauma kuliko iliyoisha vibaya.

Maji yalikuwa alama ya vita, hivyo taifa zima liliweza kuyatumia. Kichwa ni cha ukoo. Kina wajukuu na vitukuu.

Lakini motifu ina ubaya wake, na hili huwa halisemwi sana. Ikimulika upande mmoja, mwingine unabaki giza. Hesabu za waliokufa kwenye Majimaji zinaanzia watu 75,000, na wapo wanahistoria wanaofika 250,000 hadi 300,000. Sehemu kubwa hawakufa kwa risasi wala kamba. Walikufa kwa njaa, baada ya jeshi la Mjerumani kuchoma mashamba na maghala kwa makusudi ili wapiganaji wakose chakula. Mtoto aliyekufa mwaka 1907 kwa kukosa uji hakuwa na ngao, hakunyongwa, hakuna aliyetaka fuvu lake. Njaa haina umbo la kushika mkononi kama kibuyu cha maji. Waliokufa nayo hawana jina kwenye ubao wala tarehe yao kwenye kalenda, wakati ya wanyongwaji inakumbukwa kila mwaka.

Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea kwenye makumbusho, akakutana na familia za walionyongwa na kuomba msamaha. Familia zilitaka kichwa cha Songea Mbano. Aliahidi kusaidia kukitafuta, bila kuahidi kwamba kitapatikana. Berlin peke yake watafiti wamechunguza mafuvu zaidi ya 1,000 yaliyotoka Afrika Mashariki, na machache tu yamepata ndugu. Mengi yana namba na jina la eneo, basi. Mtafutaji wa kichwa kimoja chenye jina itabidi apite kwanza katikati ya hivyo vingine vyote.