Kibali cha Mtu Anayetembea

Wazee wetu walipotuambia hujafa hujaumbika, walikuwa wakitukataza kumcheka kilema. Lakini ndani ya methali hiyo mna jambo jingine ambalo ni nadra kulitazama: kwamba kati ya mzima na asiye mzima hakuna ukuta. Mtu huweza kuvuka upande huu kwenda upande ule kwa ajali, kwa ugonjwa, au kwa uzee tu. Ofisi, kwa upande wake, haiwezi kufanya kazi bila ukuta. Penye msamaha wa ada, nafasi ya kazi au mahali pa kuegesha gari, lazima pawe na mtu wa kusema nani anastahili na nani hastahili. Historia ya walemavu katika nchi yetu ni, kwa sehemu kubwa, historia ya ukuta huo na namna ulivyohamishwa.

Tuanze na lugha yenyewe. Zamani tulisema kilema, kiwete, kipofu, kiziwi. Maneno hayo yote yanaanza kama kiti na kisu. Baadaye tukasema mlemavu, na kwa silabi hiyo moja mtu akaingizwa katika ngeli ya watu. Siku hizi sheria inasema mtu mwenye ulemavu, yaani utu unatangulia na ulemavu unafuata. Wapo wanaoona mabadiliko haya ni maneno matupu. Mimi siamini hivyo, lakini nakubali kwamba jina zuri halimfikishi mtu dirishani.

Kabla ya Uhuru, na miaka mingi baadaye, mlemavu alikuwa jukumu la ukoo wake, na pale ukoo uliposhindwa, la misheni. Shule ya wasioona ya Buigiri, karibu na Dodoma, ilianzishwa na kanisa mwaka 1950. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 11, inataja haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Hata hivyo, ibara hiyo imo katika sehemu ambayo Katiba hiyohiyo, katika ibara ya 7, inasema mahakama haina uwezo wa kuamua kama imetekelezwa au la. Ni ahadi ya kweli, ila mwenye kuidai hana hakimu wa kumwendea.

Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 1981 kuwa mwaka wa walemavu duniani, na mwaka uliofuata Bunge letu likapitisha sheria mbili. Ya kwanza ilihusu ajira: mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi alitakiwa kuhakikisha asilimia 2 yao ni walemavu. Ya pili ilihusu matunzo, nayo iligawa mzigo kati ya familia, serikali za mitaa, Serikali Kuu na mashirika ya hiari. Zilikuwa sheria za huruma, nasi tulizishukuru. Lakini zilimtazama mlemavu kama mtu wa kutunzwa na kuandikishwa. Sera ya Taifa ilifuata mwaka 2004. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Watu wenye Ulemavu, ambayo ilipandisha kiwango cha ajira hadi asilimia 3 kwa mwajiri mwenye watu 20 au zaidi, na ikazungumzia pia haki ya kufika na kuingia mahali panapotumiwa na umma. Kutoka kutunzwa hadi kufika: hiyo ni safari ya miaka 28.

Kuhusu kuegesha magari, wenzetu wa Uingereza walitangulia. Sheria yao ya mwaka 1970 ilileta kadi ya rangi ya chungwa, iliyoanza kutumika mwaka 1971, ikaja kubadilishwa kuwa ya buluu mwaka 2000. Alama ya kiti cha magurudumu ambayo leo inajulikana dunia nzima ilichorwa mwaka 1968 na mwanafunzi wa Denmark, Susanne Koefoed. Mchoro wake ulikuwa kiti kitupu. Kichwa kiliongezwa mwaka 1969, ndipo kiti kikawa mtu. Alama hiyo imefanya kazi kubwa, lakini imeacha kasoro moja: imewafundisha watu wote, makarani wakiwamo, kwamba mlemavu ni yule aliyeketi. Hata England ilichukua hadi Agosti 2019 kupanua masharti ya kadi yake ili yawafikie wazi wale ambao ulemavu wao hauonekani kwa macho.

Kasoro hiyo naifahamu kwa mwili wangu. Mimi ni wa kizazi cha Iramba kilichopata polio kabla chanjo haijafika vijijini. Kisa cha mwisho cha polio ya asili nchini kilikuwa mwaka 1996, na mwaka 2015 Tanzania ilithibitishwa kuwa imeutokomeza ugonjwa huo. Kwa hiyo vijana wa leo hawajui kwamba polio huweza kumrudia mtu. Si virusi vinavyorudi. Mishipa ya fahamu iliyosalimika hubeba kazi ya ile iliyokufa, na baada ya miaka 15, 30 au 40 huchoka. Mguu uliolima, uliopanda miamba ya Singida na uliosimama darasani miaka yote huanza kukataa. Mwenye mguu huo anatembea bado, lakini kila hatua ina bei yake.

Ndiyo sababu niliomba, kwenye ofisi moja mjini ambayo sitaitaja, kibali cha kuliacha gari langu dogo karibu na lango badala ya kule chini yanakoegeshwa magari ya wananchi. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu. Aliniamkia shikamoo, akanipa kiti, kisha akasema, “Mzee, mbona unatembea vizuri tu?” Jibu la maandishi lilikuja baada ya wiki tatu, likisema mwombaji ana uwezo wa kutembea.

Sikumlaumu kijana yule. Alipewa swali lenye majibu mawili, naye akachagua moja. Nilipoomba mara ya pili nilimbadilishia swali. Niliambatisha barua ya daktari, na katika barua yangu sikuandika neno “mlemavu” hata mara moja. Niliandika kwamba kutoka maegesho hadi dirishani ni hatua 210 za kupanda, kwamba nasimama kupumzika mara nne, na kwamba mwezi wa Machi nilianguka mbele ya watu. Nikapewa kibali cha miezi 6, kana kwamba polio ingepona ifikapo sikukuu ya Noeli. Nilikipokea.

Swali la aina hiyo si ugunduzi wangu. Utafiti wa ulemavu wa mwaka 2008 na sensa zilizofuata hazikumuuliza mtu kama ni mlemavu. Ziliuliza ana ugumu kiasi gani wa kuona, kusikia, kutembea na mengineyo. Utafiti ule ulipata asilimia 7.8 ya watu wenye miaka 7 na zaidi. Sensa ya mwaka 2022 ilipata asilimia 11.2. Taifa, basi, linajua kuuliza vizuri linapohesabu. Linapogawa, hurudi kwenye swali la zamani la ndiyo au siyo.

Wala jambo hili si la mwenye gari peke yake. Mwezi Juni 2017 watu wenye ulemavu waliandamana Dar es Salaam wakipinga vizuizi dhidi ya bajaji zao katikati ya jiji, na polisi waliwatawanya kwa nguvu. Kwa wengi wao bajaji ilikuwa miguu na jembe kwa wakati mmoja. Mwaka huohuo ilianzishwa TARURA, ambayo baadaye ilianza kukusanya ada za maegesho, na tangu mwaka 2021 kwa mfumo wa kielektroniki. Mashine huhesabu saa gari lilizokaa. Haihesabu hatua za mwenye gari, na hatuwezi kuidai hivyo. Kazi hiyo ni ya binadamu.

Ombi langu ni dogo. Katika kila fomu ya namna hii, mahali palipoandikwa “Je, mwombaji anaweza kutembea?” paandikwe: “Anaweza kwenda umbali gani, na akifika anakuwa katika hali gani?” Ni maneno machache na hayaongezi gharama za uchapaji. Wale waliokataliwa kama mimi nawashauri waombe tena, na safari hii wahesabu hatua zao kwanza.