Zizi la Ukara, Bomba la Durban

Ukipita soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, biashara inapotulia, unakanyaga maganda ya ndizi, nyanya zilizopondeka na magamba ya samaki. Vinavyozolewa hupanda lori hadi dampo la Buhongwa, njia ya Shinyanga. Visivyozolewa husombwa na mvua, na taka za mitaani zikishaingia Mto Mirongo, safari yake huishia Ziwa Victoria.

Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni vitu vya kuoza. Vikishindiliwa pasipofika hewa, bakteria huvigeuza gesi, na karibu nusu ya gesi hiyo ni methani. Kwa uzito uleule, methani hulipasha joto anga mara 28 hivi kuliko kaboni dayoksaidi katika kipindi cha miaka 100. Kwa miaka 20, zaidi ya mara 80.

Wahandisi wana jibu lao: fukia, funika kwa udongo, chimba visima, vuta gesi. Durban, Afrika Kusini, ilitangulia barani Afrika kuigeuza umeme, ikianzia dampo la Mariannhill mwaka 2006, kisha Bisasar Road. Mitambo ilifanya kazi, na sina sababu ya kuibeza. Ila Bisasar Road ilifunguliwa mwaka 1980, enzi za ubaguzi wa rangi, katikati ya makazi ya Clare Estate. Sajida Khan, aliyeishi jirani na dampo hilo, alipigania lifungwe hadi alipofariki kwa saratani mwaka 2007. Aliona kwamba fedha za kaboni, zinazolipwa kwa kupunguza gesi joto, zingeupa mji sababu ya kuendelea kulitumia. Mwaka huohuo Dar es Salaam iliandikisha mradi kama huo katika dampo la Mtoni, chini ya Itifaki ya Kyoto. Methani ikichomwa anga hupata nafuu, hilo ni kweli. Lakini mwali wa dampo haumpikii chai mkazi wa jirani.

Hapa kwetu kuna jambo jingine ambalo bomba haliliwezi. Kwenye joto na mvua, chakula huoza upesi. Dampo likikaa wazi miaka miwili mitatu likisubiri kufunikwa, sehemu kubwa ya gesi imeshatoroka. Na lundo lenyewe linaua. Tarehe 10 Agosti 2024, ng'ambo ya ziwa letu hili, dampo la Kiteezi la jiji la Kampala liliporomoka baada ya mvua kubwa, likafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30.

Sasa tazama kaskazini mwa Ukerewe, kisiwani Ukara. Watu ni wengi, ardhi ni finyu na ya kichanga. Wakara hawakuwaacha ng'ombe wazurure. Waliwafunga ndani ya nyumba, katika shimo, wakawakatia majani na kuwaletea. Mabaki ya malisho yalikanyagwa pamoja na samadi, shimo likijaa likachimbuliwa, mbolea ikabebwa hadi shamba la uwele. Katikati ya uwele walipanda mimea iitwayo marejea, kisha wakaifukia irutubishe udongo. Mwaka 1936 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala kuhusu kilimo hicho, ambacho wakubwa wa kikoloni walikistaajabia. Ng'ambo ya magharibi ya ziwa, Mhaya naye hutupa maganda ya ndizi chini ya mgomba uleule uliozaa ndizi.

Wakara hawakuwa wakihesabu gesi. Walikuwa wakiikimbia njaa. Na samadi iliyojaa shimoni nayo hutoa methani. Ninachokithamini ni mazoea yao ya kukiona kinachooza kuwa mali kabla hakijawa lundo. Mtambo wa biogesi, ambao kituo cha teknolojia cha CAMARTEC cha Arusha kimewafundisha mafundi wetu kuujenga tangu miaka ya 1980, unaikamilisha kazi hiyo: gesi inakwenda jikoni, tope linakwenda shambani.

Lundo la zamani la Buhongwa linahitaji kifuniko na visima, na wanaookota chupa pale wahesabiwe kabla ya mita ya gesi. Taka za kesho ni suala jingine. Pale Mwaloni maganda bado hayajachanganyika na nailoni wala betri. Yanachanganyika yakishatupwa kwenye lori. Mtambo ungejengwa hapohapo sokoni, kabla ya lori. Hatua chache kutoka kwenye lundo lile la maganda, mama lishe anapepea mkaa wa kununua.