Hesabu ya adhabu iliyoamua dhahabu ya farasi Berlin 1936

Katika mashindano ya farasi ya siku tatu, mshindi si anayekusanya alama nyingi, bali anayepoteza chache. Michezo ya Olimpiki ya Berlin, Agosti 1936, ilidhihirisha jinsi hesabu hiyo inavyoweza kuwa kali.

Mchezo huu uliingizwa katika Olimpiki mjini Stockholm mwaka wa 1912 kwa madhumuni ya kupima farasi wa jeshi na maafisa waliowapanda. Huwa na sehemu tatu: utiifu wa farasi mbele ya waamuzi, ustahimilivu, na kuruka viunzi uwanjani.

Huko Berlin, sehemu ya ustahimilivu ilikuwa safari ya kilomita 36, zikiwemo kilomita 8 za nyikani zenye vikwazo 35. Aliyekwenda kasi alipata nyongeza. Aliyeanguka, ambaye farasi wake aligoma kuruka, au aliyechelewa, alitozwa alama za adhabu. Adhabu za kuchelewa hazikuwa na kikomo.

Kila taifa liliruhusiwa wapanda farasi watatu tu, na alama za wote watatu zilijumlishwa. Mmoja akishindwa kumaliza, timu nzima iliondolewa.

Kikwazo cha nne, kidimbwi cha maji, ndicho kilichovuruga mahesabu. Kati ya farasi 46 waliojaribu kukivuka, 18 walianguka. Miongoni mwa walioporomoka hapo alikuwa Luteni Konrad von Wangenheim wa Ujerumani, aliyevunjika mtulinga. Alimpanda tena farasi wake, Kurfürst, akaendelea hadi mwisho. Kesho yake, akiwa na maumivu yale yale, aliangushwa tena katika mashindano ya viunzi, akainuka na kumaliza.

Mwenzake, Kapteni Ludwig Stubbendorff, alikuwa ametwaa dhahabu ya mtu binafsi akiwa na farasi Nurmi kwa adhabu 37.70 pekee. Von Wangenheim alikuwa na 527.35. Hata hivyo, bila alama hizo mbaya, ubora wa Stubbendorff usingeifaa timu hata kidogo. Ujerumani ilishinda kwa jumla ya 676.65, Poland ikafuata kwa 991.70.

La ajabu zaidi ni nafasi ya tatu. Farasi wa Richard Fanshawe wa Uingereza alitoroka baada ya kuanguka, na mwenyewe akamfukuza kwa miguu kilomita kadhaa. Kuchelewa huko kuliifikisha timu yake kwenye adhabu 9,195.50. Juu ya hayo, ilipata shaba. Kati ya timu 14, ni 4 tu zilizomaliza. Czechoslovakia ilikuwa ya nne kwa 18,952.70.

Ushujaa huo ulikuwa na gharama: farasi watatu walikufa. Kanuni iliyomlipa aliyeinuka ndiyo hiyo hiyo iliyomnyima aliyeumia, mtu au mnyama, nafasi ya kupumzika.

Kwa miaka mingi baadaye timu ziliruhusiwa wapanda farasi wa ziada, na alama mbaya zikaachwa. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka wa 2021, na ya Paris 2024, mtindo wa watatu wote kuhesabiwa ulirejeshwa. Safari hii, hata hivyo, mchezaji wa akiba aliruhusiwa kuchukua nafasi ya mwenzake kwa adhabu ya alama 20. Von Wangenheim hakuwa na wa kumpokea.