Namna ya kupata haraka ujumbe uliopotea ndani ya Gmail

Mtu aliyeomba kazi kwenye shirika, ao nafasi ya masomo kwenye chuo kikuu, anaweza kuamini kwamba hakujibiwa, kumbe jibu limelala ndani ya Gmail yake. Wengi wanaanza kushuka ujumbe mmoja mmoja mpaka mega zinaisha. Kuna njia fupi.

Juu ya skrini kuna sehemu ya kutafutia. Mara nyingi jina la aliyetuma ao neno moja linatosha. Matokeo yakiwa mengi, yanapunguzwa kwa maneno maalum, ambayo yanaandikwa hivi hivi, bila nafasi kiisha nukta mbili:

- from:jina – ujumbe kutoka kwa mtu fulani
- subject:neno – neno lililo kwenye kichwa cha ujumbe
- has:attachment – ujumbe wenye faili ao picha
- filename:pdf – ujumbe wenye faili ya PDF
- after:2025/01/01 – ujumbe kuanzia tarehe hiyo. Mwaka unatangulia, mwezi, halafu siku

Maneno hayo yanaunganishwa pia. Kwa mfano, from:ecole filename:pdf after:2025/01/01 inaleta PDF ambazo shule ilituma tangu mwanzo wa 2025.

Lakini kutafuta kwa kawaida hakufiki sehemu mbili: Spam, mahali Gmail inatupa ujumbe inaoushuku, na Corbeille, yaani takataka. Jibu la kweli linaweza kuangukia Spam, hasa kama aliyelituma hajawahi kuandika mbele. Na Gmail inafuta yaliyomo kiisha siku 30. Kwa kutafuta kote kwa mara moja, in:anywhere inatangulia neno linalotafutwa.

Kwa hiyo anayengoja jibu afungue Spam walau mara moja kwa juma. Akilikuta humo, aonyeshe kwamba si spam, na Gmail italirudisha kwenye sanduku la kawaida. Ila awe macho: matapeli pia wamejaa mule. Ujumbe unaodai pesa ya fomu ili mtu apate kazi, ao unaouliza neno la siri, uachwe palepale.

Jambo la mwisho: bila mtandao, simu inatafuta tu ndani ya ujumbe wa siku za karibuni iliouhifadhi. Barua ya zamani isipoonekana, isihesabiwe kuwa imepotea. Itafutwe tena wakati mtandao umerudi.